Kavugho Aliyeandikwa Raia Bila Kuomba

Kavugho aliandikwa raia wa Uganda bila kuomba, na miaka kumi na mmoja baadaye akaitwa mwongo kwa ajili ya maandishi hayo hayo, ambayo hakuyaandika yeye. Hata angetaka asingeweza. Hajawahi kukaa darasani siku moja, na jina lake likiwa karatasini hulitambua kama mtu anavyotambua sura, si kwa kulisoma. Huo ndio ubaya aliotendewa, na umetajwa kwanza ili usije ukapotea katikati ya wema wa watu, maana wema ulikuwa mwingi na utachukua nafasi kubwa zaidi.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwembamba wa mwili lakini mnene wa mikono, kwa kuwa kazi yake ni kutwanga. Hutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, ukingoni mwa soko la Kasubi, jijini Kampala, jirani na wauza mkaa. Asubuhi huletewa majani kwa gunia, akayachambua, akayapitisha kwenye maji ya moto, kisha akayatia kinuni pamoja na vitunguu vya majani na pilipili hoho. Wakongo wenzake hutoka hata Nakivubo, katikati ya jiji, kuja kuyachukua yakiwa tayari kwa sufuria.

"Mama Darlène, hayo kwetu ni ya mbuzi," wauza mkaa humwambia.

"Ndiyo maana mbuzi wenu wanang'aa kuliko nyinyi," naye huwajibu, bila kusimamisha mchi.

Aliingia Kampala mwaka 2012 akitokea upande wa Butembo, Kongo, akiwa na binti yake Darlène mgongoni. Mumewe, Hippolyte, alikuwa amekwenda Beni kuuza maharage na hakurudi. Wala yeye, wala gari, wala hata kofia yake. Mtu wa kwanza kumfungulia mlango Kasubi alikuwa Hajati Halimah, mjane mwenye vyumba sita vya kupangisha. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akasema, "Chumba cha mwisho kinavuja kidogo, lakini mvua ya hapa haiui mtu. Ingieni." Kavugho hajasahau kwamba hakuulizwa swali lolote kabla ya neno hilo la mwisho.

Mwaka 2014 ndipo kosa lilipotokea. Mtaa una spika kubwa zilizofungwa juu ya nguzo, na kupitia hizo mwenyekiti wa mtaa, Bwana Okwir, hutangaza kila kitu: mtoto aliyepotea, maji yatakayokatika, chanjo ya kuku. Siku hiyo alitangaza kwamba kila anayelala Kasubi aende uwanja wa shule akaandikwe. Kila anayelala. Uandikishaji ulikuwa wa vitambulisho vya raia, lakini mwaka huo huo serikali ilikuwa pia inahesabu watu, na Kavugho aliamini kabisa kwamba anakwenda kuhesabiwa. Hajati Halimah pia aliamini hivyo, akawatoa wapangaji wake wote sita kama anayepeleka watoto kanisani, ingawa yeye ni Mwislamu.

Kwenye foleni Kavugho alisimama nyuma ya mama mmoja kutoka Kasese, muuza vitambaa, Mukonzo. Wabakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanatenganishwa na mlima na mpaka, lakini lugha ni moja na mila ni moja. Hata majina hutolewa kwa namna moja, kwa kufuata mtoto amezaliwa wa ngapi. Yule mama naye alikuwa binti wa tatu kwao, kwa hiyo jina lao lilikuwa moja. Walicheka sana. Walisimama kwa muda wa saa nne wakizungumza kama watu waliolelewa chini ya paa moja, na walipofika mezani karani kijana aliwauliza kama ni ndugu.

"Ni ndugu yangu," alisema yule mama wa Kasese, akamaliza mambo yake na kwenda.

"Kabila?" karani alimuuliza Kavugho.

"Munande."

Karani alipitisha kidole kwenye orodha yake toka juu hadi chini. "Hilo sina hapa. Huyu aliyetoka ni Mukonzo. Nyinyi si mnaongea lugha moja?"

"Ni watu wale wale," alisema Kavugho, "ila sisi tuko ng'ambo ya mlima."

"Kama ni wale wale, basi. Hata kwetu Busia nina shangazi ng'ambo. Lete vidole."

Akaandika Mukonzo, akaandika kijiji cha yule mama wa Kasese, na Kavugho akaweka vidole vyake kumi pale alipoonyeshwa. Foleni nyuma yake ilifika barabarani. Hakuna aliyemsomea kilichoandikwa.

Kadi ya kitambulisho ilipokuja mwaka uliofuata alishangaa kuona sura yake, akaiweka kwenye kopo pamoja na kadi ya chanjo ya Darlène. Polisi wakiuliza, aliionyesha, na walimwacha. Alidhani ndivyo wanavyopewa wote waliohesabiwa.

Mwaka 2019 Wakongo wenzake walimwambia aende kuomba hadhi ya ukimbizi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa haki yake tangu mwanzo. Alikwenda kwenye ofisi ya wakimbizi, akaweka vidole juu ya kioo, na dada mmoja wa kompyuta akamgeuzia uso wenye ubaridi. "Nnyabo, mama, wewe ni raia. Sisi raia hatuwaandiki." Kavugho alieleza. Dada akasema aende kwenye ofisi iliyotoa kadi. Kule wakasema kadi ni nzuri, tatizo liko wapi? Akarudi kinuni.

Halafu ukaja mwaka 2025, kadi zote za zamani zikabadilishwa. Nchi ilikuwa inakaribia uchaguzi, na redioni asubuhi hadi jioni ilikuwa habari ya wageni: wageni wenye vitambulisho, wageni watakaopiga kura, nani aliwapa, nani alikula rushwa, nani alilala kazini. Kavugho alikwenda kubadilisha yake. Afisa mwenye miwani akamuuliza babu yake alizikwa kijiji gani Kasese. Angeweza kutaja chochote. Alisema babu yake amezikwa Butembo, chini ya mparachichi, na kaburi lina msalaba wa chuma.

Afisa aliiweka kadi kwenye droo. Akampa karatasi. Darlène, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa anasoma sekondari, aliisoma jioni hiyo mara mbili: ndani ya siku thelathini mama alete uthibitisho kwamba hakudanganya, au amlete mtu aliyemwandika; akishindwa, mama atashtakiwa kwa kutoa habari za uongo. Kesi hiyo humpeleka mtu gereza la Luzira, na akitoka Luzira anapelekwa mpakani.

"Na mimi?" aliuliza Darlène.

 Kavugho alichukua ile karatasi akaikunja ndogo sana.

Siku mbili baadaye, saa moja asubuhi, spika za mtaa zilisema jina lake. Bwana Okwir alikuwa ameogopa, kwa kuwa mhuri wake ulikuwa kwenye orodha ya mwaka 2014. Akatangaza kwamba kuna wageni waliomdanganya yeye binafsi, na akataja watatu. Kavugho alikuwa wa pili. Alikuwa ameinua mchi, akaushusha taratibu pasipo kupiga kitu. Soko zima lilikuwa linamtazama.

Kesho yake hakutaka kutoka chumbani. Hajati Halimah ndiye aliyekuja kumgongea, akamshika mkono hadi sokoni, akaweka kigoda chake kando ya kinu na kukikalia. Alikaa hapo mchana kutwa, yeye mwenye vyumba sita, mwenye goti bovu, akichambua majani ya muhogo mbele ya watu. Mtu akipita anatazama, Hajati anasema, "Unataka ya kilo ngapi?" Na mtu aliona aibu akanunua. Waendesha boda walijaribu kumtania kidogo.

"Mama Kongo, leo wewe raia au mgeni?"

"Leo ni mtu wa sombe. Lete chombo au pisha njia."

Walicheka, wakapisha. Kavugho anasema kama Hajati asingekuja siku ile, asingerudi sokoni tena. Anasema hivyo kila mara, hata kama Hajati mwenyewe yupo na anamwomba anyamaze.

Mtu wa pili wa kushukuriwa ni Phelister Nabangala, Mkenya wa Bungoma, anayeuza nyuzi na zipu Nakivubo na kula sombe kila Jumamosi. Alipopata habari alikuja na maswali kama polisi.

"Huyo aliyekuandika, alikuwa mtu wa wapi?"

"Alisema kwao Busia. Ana shangazi ng'ambo."

Busia iko mpakani na Kenya, si mbali na kwao Phelister. Alitabasamu. Yeye ni katibu wa chama cha kuzikana cha watu wa magharibi ya Kenya na mashariki ya Uganda waishio Kampala. Mwanachama akifiwa, wenzake huusafirisha mwili hadi nyumbani, iwe upande huu wa mpaka au ule, na kila jina huingia kwenye daftari: kazi ya mtu, ukoo, na nani alizikwa wapi. "Mama Darlène," alisema, "mtu wa Busia anaweza kujificha serikalini, lakini kwangu hajifichi. Siku moja atafiwa."

Ilimchukua siku tano za kupiga simu. Alikuwepo mmoja, Sylvanus, aliyewahi kuwa karani wa muda wa kuandikisha watu mwaka 2014, upande wa Kasubi. Sasa anatengeneza simu Nakivubo, ghorofa mbili juu ya duka la Phelister mwenyewe. Mama yake walimzika mwaka uliopita.

Walimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Alimtazama Kavugho, akamtambua, ilionekana, lakini akasema hakumbuki.

"Mama, niliandika watu mia kila siku. Nina mke, nina watoto. Nikisema ni mimi, Luzira naenda mimi."

Kavugho hakumlaumu. Hofu ya Luzira anaijua. Ila Phelister hakuwa na huruma ya aina hiyo. "Tulipombeba mama yako kwenda Busia," alisema, "gari letu lilizuiwa kwenye kizuizi cha karibu na mpaka nusu siku, kwa sababu alizaliwa Kenya na anazikwa Uganda. Kuna mtu katika sisi aliyekuuliza huyu ni wa nani? Tulikaa na wewe juani."

Sylvanus aliendelea kuchokoa simu kwa bisibisi ndogo. "Nitafikiria," alisema. Hakuahidi kitu kingine, nao wakashuka ngazi.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Jumamosi hiyo uliitishwa mkutano wa hadhara kwenye uwanja ule ule wa shule, watu wajadili habari ya wageni na vitambulisho. Alikuja mgombea wa udiwani, alikuja yule afisa wa miwani, alikuwepo Bwana Okwir na kipaza sauti chake. Kavugho alikaa mstari wa nyuma kati ya Hajati na Phelister.

Mgombea alianza. Alisema nchi imeuzwa, na waliouza ni maafisa. Makofi. Afisa akasimama kwa upole akasema maafisa huandika kile kinacholetwa na wenyeviti wa mitaa wenye mihuri. Watu wakageuka. Bwana Okwir akasema mwenyekiti hupiga mhuri orodha ya makarani, na makarani waliletwa na ofisi, hawakuzaliwa Kasubi. Mzee mmoja akasema kosa ni la askari wa mpakani. Mwingine akasema ni la Wazungu waliochora mpaka, na hilo likapigiwa makofi mengi kuliko yote, kwa sababu Wazungu hao hawakuwepo kujibu.

Kisha akasimama mwanamke anayeitwa Latifah, mshonaji wa barabarani. "Mwanangu amezaliwa hospitali ya Mulago," alisema. "Nimehangaikia kadi yake miaka mitatu. Miaka mitatu nasimama dirishani. Halafu nasikia mtu wa Kongo anayo tangu zamani. Nani ataniambia mimi nisikasirike?"

Uwanja ulinguruma. Kavugho aliyasikia maneno hayo, na jambo lililomshangaza ni kwamba aliyakubali. Huyu alikuwa ameomba akanyimwa. Yeye hakuomba akapewa. Alijikuta amesimama.

"Mimi ndiye huyo wa Kongo," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, watu wakalazimika kunyamaza. "Mama Latifah, una haki kukasirika. Hiyo kadi sikuomba. Tuliitwa kwa spika tuje kuandikwa, nikaja. Nilisema mimi ni Munande. Nilisema tuko ng'ambo ya mlima. Kusoma sijui, kwa hiyo sikujua wameandika nini. Kama kuna mtu anajua namna ya kudanganya kwa kalamu asiyoweza kuishika, anifundishe."

Wachache walicheka. Bwana Okwir aliegemea kipaza sauti. "Maneno mazuri, nnyabo. Aliyekuandika yuko wapi? Tuonyeshe."

 Kavugho aliangalia chini, na alikuwa anaanza kukaa, Hajati amekwisha kumshika kiuno, aliposikia mtu akikohoa upande wa lango la shule.

"Niko hapa," alisema Sylvanus. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. "Mimi ndiye niliyemwandika. Alisema Munande. Nikaona orodha yangu haina, foleni ni ndefu, na mama wa mbele yake anaongea kama yeye. Nikaandika Mukonzo, na kijiji nikachukua cha yule mama. Huyu hakunitajia kijiji chochote cha Uganda. Sikumsomea. Nilipaswa kumsomea."

Afisa wa miwani alisimama. "Bwana, unajua unachosema mbele ya watu?"

"Najua. Andika jina langu vizuri, nisije nikaandikwa mtu mwingine."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na afisa mwenyewe ikabidi acheke. Maelezo yakaandikwa pale pale juu ya dawati la mwanafunzi. Yalihitaji mashahidi wawili wakazi wa Kasubi wasio na undugu na Kavugho. Hajati Halimah alitia sahihi kwanza. Wa pili alichelewa kupatikana, watu wakawa wanaangalia viatu vyao, mpaka Latifah akatoka kwenye umati akiwa bado amekunja uso.

"Leta kalamu," alisema. "Bado nina hasira. Lakini si kwako."

Kavugho anasema katika maisha yake amesaidiwa na watu waliompenda, na hilo ni jambo zuri. Lakini kusaidiwa na mtu ambaye bado amekasirika, hilo hakuwahi kuliona, na ndilo analolikumbuka akiwa anatwanga peke yake. Jumatatu iliyofuata alimpelekea Latifah sombe iliyopikwa na mawese. Latifah aliila yote, akasema ina ladha ya nyasi, kisha akaomba aletewe tena.

Siku ya ishirini na tisa maelezo yalipokelewa. Baada ya wiki mbili ikaja barua, Darlène akaisoma mlangoni amesimama: hakuna mashtaka. Darlène hakupiga kelele. Aliirudia kuisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kinande, ili mama yake aisikie kwa lugha ambayo hakuna mtu angeweza kumpunja kwayo. Sylvanus aliitwa ofisini mara mbili, akaonywa, akarudi kwenye simu zake. Kila Ijumaa Kavugho hupanda ngazi zile za Nakivubo na bakuli lenye mfuniko. Mara ya kwanza alimwambia, "Mwanangu, ulinikosea." Sylvanus akajibu, "Ni kweli, mama." Hawajalizungumza tena, na hakuna haja.

Bwana Okwir naye alitangaza kwa spika kwamba jina moja kati ya yale matatu lilikuwa limesomwa kimakosa. Hakusema lipi.

Kwa hiyo yaliyobaki ni haya. Ofisi iliyochukua kadi ilisema itavitoa vidole vya Kavugho kwenye orodha ya raia ndani ya wiki mbili, na huu ni mwezi wa saba vidole viko humo. Mpaka vitoke, ofisi ya wakimbizi haiwezi kumfungulia faili, na bila faili Darlène hatakuwa na namba ya kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne atakapoufikia, miaka miwili ijayo. Kavugho hataki fidia, wala hataki afisa wa miwani afukuzwe kazi. Anadai vidole vyake kumi vifutwe pale vilipowekwa bila yeye kujua, na anadai mstari mmoja wa maandishi unaosema hakudanganya. Bwana Okwir anadaiwa kulitaja jina lake. Na kwa lile la vidole Sylvanus hadaiwi, Latifah hadaiwi, wala watu wa Uganda hawadaiwi. Inadaiwa ile ofisi, ambayo anwani yake Darlène ameshaiandika juu ya bahasha mara nne.